Mbegu, yai, njia: namna ya kupima maneno ya mtaani kuhusu mimba

Duka letu la dawa liko Likoni, Mombasa, mwendo mfupi kutoka kivukoni. Ni la mpwa wangu. Mimi nilistaafu uuguzi baada ya miaka 27, mingi yake nikiwa kliniki ya kina mama na upangaji uzazi, na sasa nakaa kaunta asubuhi ili yeye apate usingizi, maana ndiye anayefunga usiku. Wateja huniita dakitari. Zamani nilikuwa nawasahihisha. Siku hizi naitika tu.

Mtu akiingia akasimama mbali na kaunta, akaanza kusoma dawa za meno moja baada ya nyingine kama anazitafutia mtihani, najua amekuja na swali la mimba. Namwacha. Wengine wakitoka atasogea, atashusha sauti, na maneno yataanza hivi: "Kuna rafiki yangu..." Huyo rafiki yangu nimemhudumia miaka mingi sana. Ameshika mimba kwa kuogelea ufuo wa Pirates, ameizuia kwa kuruka kamba, na ya shangazi yake imelala mgongoni mwaka wa tatu.

Jibu la kila neno la mtaani huwezi kulikariri, kwa sababu likifa moja huzaliwa mawili. Mimi hutumia maswali matatu, na nakushauri uyaweke kichwani. Ukisikia habari yoyote ya mimba, iwe ya kutisha au ya kutuliza, uliza: mbegu hai iko wapi? Yai liko wapi? Na baina yao njia iko wazi? Zikikutana tatu, mimba yaweza kutunga, hata ikiwa ni mara ya kwanza, hata walisimama wima, hata mwanamke hakuona raha yoyote. Ikikosekana moja, hakuna mimba, hata mtu akuapie.

Tabia za hawa wawili

Mbegu ya kiume nje ya mwili haina maisha. Ikikauka kwenye shuka, kiti au nguo imekufa. Sabuni huiua, maji ya bahari huiua. Lakini ikiingia ndani ya mwanamke siku ambazo ute wake ni mwingi na wa kuteleza, yaweza kukaa hai hadi siku 5. Yai ni kinyume. Kwa kawaida hutoka moja kwa mwezi, na likishatoka huishi baina ya saa 12 na 24 tu.

Watu wa Likoni huwaeleza kwa feri. Chukulia kwamba mwezi mzima inakuja feri moja tu, na ikitia nanga haingoji zaidi ya siku. Abiria aweza kufika kivukoni Jumatatu, akalala hapo hapo, akaipata Ijumaa. Akifika Jumapili feri imeshaondoka. Kwa hivyo siku ambazo tendo la ndoa laweza kuzaa mimba ni kama 6 katika mwezi: zile 5 kabla ya yai, na siku yenyewe ya yai. Nikieleza hivi watu hufurahi, halafu wanauliza swali lenyewe: feri inakuja lini?

Namna ya kuhesabu, na mahali watu wanapopotea

Siku ya 1 ni siku damu inapoanza kutoka. Narudia: inapoanza. Wanawake wengi hapa kwetu huanza kuhesabu siku wanayokoga hedhi wakarudi kwenye sala, kwa sababu hiyo ndiyo siku wanayoikumbuka. Mtu wa damu ya siku 6 akifanya hivyo, hesabu yake yote imechelewa karibu wiki, na wiki moja kwenye mambo haya ni mtoto.

Kosa la pili: "yai hutoka siku ya 14." Hutoka siku ya 14 kwa mwenye mzunguko wa siku 28. Ukweli ni kwamba yai hutoka karibu siku 14 kabla ya hedhi *inayokuja*, si siku 14 baada ya iliyopita. Mwenye mzunguko wa siku 35, yai lake huja karibu siku ya 21. Mwenye siku 21, huja karibu siku ya 7. Mtazame huyu wa 21. Damu yake inakatika siku ya 5, usiku ule ule anakutana na mumewe, mbegu zinangoja siku 2, yai linatoka. Ndiyo maana siwezi kumwambia mtu kwamba hedhini au mara tu baada yake hapati mimba. Wengi hawapati. Huyu apata.

Wapo pia walioipindua hesabu yote, wakidhani siku za katikati ndizo za salama na za pembeni ndizo za hatari. Nimekutana nao wengi kuliko ninavyopenda kukiri, na baadhi yao walikuwa wakifundisha wenzao.

Ukitaka kuhesabu kwa uangalifu, andika mizunguko yako ya miezi 6. Chukua mfupi kuliko yote, toa 18. Chukua mrefu kuliko yote, toa 11. Tuseme mfupi ni 26 na mrefu ni 31. 26 toa 18 ni 8. 31 toa 11 ni 20. Basi kuanzia siku ya 8 mpaka ya 20 jihesabu kuwa kivukoni. Siku 13! Hapo wengi hukunja karatasi wakaniuliza bei ya kondomu. Na wana haki, maana kalenda haimfai kila mtu: msichana ambaye hedhi yake bado haijatulia, mama aliyejifungua juzi, mwanamke ambaye damu yake imeanza kuruka miezi kwa ajili ya umri. Hao wasiitegemee peke yake.

Yanayojibiwa kwa pumzi moja

Choo, kiti cha matatu, taulo, bafu la pamoja, kuogelea na wanaume, busu: mbegu hai haipo, au haina njia. Hapana. Mdomo na tumbo la chakula havina mlango wa kuingilia kwenye kizazi. Njia ya nyuma pia haifiki huko, ingawa mlango na mlango ni jirani na kilichomwagika kinaweza kutiririka. Na hiyo ni njia rahisi sana ya kupata virusi vya UKIMWI, kwa hivyo asikudanganye mtu kwamba ni ya salama.

Bikira je? Kizinda si ukuta. Kina tundu, ndiyo maana damu ya hedhi hupata pa kutokea, na palipo na njia ya kutoka pana njia ya kuingia. Manii yakimwagika mlangoni tu, uwezekano ni mdogo lakini upo. Nimempokea msichana kliniki akiwa na mimba ya miezi 4, mamake ananiapia kwamba binti hajaguswa, na binti naye anaapa kwamba "hatukufanya". Wote wawili kwa namna yao walikuwa wakisema kweli.

Na lile la "hajavunja ungo, hawezi kushika mimba": yai la kwanza laweza kutoka *kabla* ya damu ya kwanza. Msichana aweza kushika mimba bila kuona hedhi hata mara moja. Nikisikia swali hili lakini siishii kwenye mayai. Aliye chini ya miaka 18 kisheria ni mtoto, na Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inahesabu kulala naye kuwa jinai. Nambari ya watoto ni 116, ya dhuluma za kijinsia ni 1195, zote bila malipo. Aliyebakwa, mkubwa au mdogo, afike hospitali kabla ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora, kwa sababu dawa ya kuzuia UKIMWI na tembe ya kuzuia mimba zote zinakimbizana na saa. Asikoge kwanza.

Kumwaga nje, ndimu na soda

Kumwaga nje ni njia inayopendwa na wengi, kwa sababu haina bei na haina mtu wa kumwona dukani. Shida yake ni mbili. Ule ute unaomtoka mwanamume kabla hajafika kileleni unaweza kubeba mbegu, na hajui unapomtoka. Na ya pili ni kwamba ahadi yenyewe hutolewa wakati ambao mwanamume hafai kuaminiwa hata na mkoba. Katika wanawake 100 wanaoitegemea njia hii, kama 20 hupata mimba ndani ya mwaka. Ni afadhali kuliko kutofanya lolote. Lakini ukiwa na majirani watano wanaoitumia, nunua kanga ya zawadi ya mtoto.

Kuosha baada ya tendo hakusaidii chochote. Mbegu zilizotangulia huwa zimeshapita shingo ya kizazi kwa dakika chache tu, huku wewe bado unatafuta ndoo. Nimeletewa habari za maji ya ndimu, maji ya chumvi, siki, Coca-Cola, maji ya mwarobaini. Soda inaingia ukeni na mbegu ziko juu, wapi na wapi? Kinachobaki ni ngozi laini iliyochomwa na ndimu, na mwanamke aliyekuja kwangu akitembea kama anakanyaga mbigili, akinunua dawa ya kuwashwa. Kurukaruka, kukojoa mara moja, kunywa chai ya rangi kali: swali la kwanza tayari limejibiwa, mbegu hai imo ndani, na mkojo una njia yake nyingine kabisa.

P2

Hapa nitakaa kidogo, maana Jumatatu asubuhi ndiyo bidhaa tunayouza kuliko maji ya chupa.

P2, ile tembe ya dharura ya kuzuia mimba baada ya tendo, huchelewesha yai lisitoke. Kazi yake ni hiyo. Kwa lugha ya kivukoni, inaizuia feri ng'ambo mpaka abiria waliolala huku wafe. Ukielewa hapo, majibu mengine unayapata mwenyewe. Je, inatoa mimba? Haitoi, mimba ikiwa imeshatunga haifanyi kitu, wala haimdhuru mtoto. Je, inafanya kazi kila wakati? Hapana, feri ikiwa imeshatia nanga P2 haina cha kuzuia. Ndiyo maana uimeze mapema uwezavyo, ndani ya saa 72. Yaweza kusaidia hata kufika saa 120, lakini nguvu yake inashuka kila saa inayopita. Ikishafika siku ya tatu au ya nne, uliza kliniki kuhusu koili ya shaba, ile inayowekwa ndani ya kizazi. Ikiwekwa ndani ya siku 5 inazuia vizuri kuliko tembe, na unabaki nayo kama kinga ya miaka 10 au zaidi.

Je, inakulinda wiki nzima? Hilo ndilo kosa linalowazalisha watu. Kijana mmoja, mstaarabu, anasema shikamoo kila akiingia, alikuwa akinunua moja kila Ijumaa jioni kwa mpwa wangu, mchumba wake aimeze *kabla* ya wikendi. Siku moja alikuja asubuhi nikiwepo mimi. Nikamuuliza, akanieleza kwa fahari kama mtu aliyepanga bajeti. Nikamwambia: mwanangu, hii imetengenezewa ajali iliyokwisha kutokea, moja. Tena ikilisogeza yai mbele, laweza kutoka siku chache baadaye, na mkikutana tena bila kinga mmelifuata wenyewe. Alitazama ile paketi mkononi kwa muda. Kisha akauliza sindano ya miezi mitatu inapatikana wapi bure, nikamwelekeza zahanati ya serikali, na nikamwambia aende *na* mchumba wake, si kwa niaba yake.

Mengine ya P2 uyashike: ukitapika kabla ya saa mbili kupita, meza nyingine. Ukiwa unatumia dawa za kifua kikuu, za kifafa au baadhi ya dawa za UKIMWI, sema kabla hujalipa, kwa sababu zinaweza kuipunguza nguvu. Hedhi inaweza kuja mapema au kuchelewa; ikichelewa zaidi ya wiki, pima. Na haiui kizazi. Mtu aliyeimeza mara nyingi hedhi yake huvurugika, ndiyo, lakini ugumba hauletwi nayo.

Kunyonyesha na arobaini

Mimi mwenyewe hapa sina uso wa kumcheka mtu. Watoto wangu wawili wa kwanza wamepishana miezi 16. Nilikuwa nimeshaajiriwa, nafundisha kina mama upangaji uzazi kila Jumanne, huku nyumbani nanyonyesha na kujiambia kwamba maziwa yananilinda. Mtoto alikuwa na miezi 7, nimeshamwanzishia uji, na hedhi sijaiona. Nilipoanza kuchukia harufu ya samaki wa kukaanga, mama mkwe wangu alijua kabla yangu. Hakusema kitu. Aliitoa tu sufuria jikoni akaenda kukaangia uani.

Kunyonyesha hukinga kweli, tena vizuri, wanawake 98 kati ya 100, lakini masharti yake ni matatu na yote yawepo pamoja: mtoto hajafika miezi 6, ananyonya maziwa ya mama tu mchana na usiku bila uji wala chupa, na hedhi haijarudi. Likivunjika moja, kinga imekwisha siku ile ile. Mimi nilikuwa nimevunja mawili.

"Nangoja hedhi irudi ndipo nianze kupanga" ni lile lile la kuvunja ungo kwa upande mwingine. Yai laweza kutangulia damu. Asiyenyonyesha anaweza kutoa yai hata kabla ya arobaini kwisha, kuanzia wiki ya nne hivi. Dini imemweka mume mbali siku za nifasi na hilo limewakinga wengi bila kujua, lakini usiku wa siku ya 41 nyumba nyingi za Mombasa hazina mpango wowote isipokuwa udi.

Mimba iliyolala mgongoni

Bi mkubwa mmoja kutoka Mtongwe aliletwa na bintiye. Umri wake miaka 47, tumbo limejaa, gumu ukiligusa. Aliketi kwenye stuli, akaweka mkono kiunoni nyuma, akaniambia, "Mwanangu, hini mimba imenilala mongoni." Hakuwa na wasiwasi. Alikuwa ameambiwa imefungwa, na kwamba akipata wa kuifungua itageuka irudi mbele akajifungue. Hedhi ilikuwa imekatika miezi 14. Na alikuwa akihisi kitu kikicheza.

Maswali matatu hayatoshi mbele ya mtu kama huyu, ila yanaonyesha pa kuanzia. Njia iko wapi? Kizazi kimekaa chini ya tumbo, baina ya kibofu na utumbo wa mwisho. Kina midomo miwili ya juu inayokwenda kwenye mirija, na mmoja wa chini unaokuja ukeni. Mgongoni hakina mlango. Mtoto hana pa kupitia kwenda huko, wala hana chakula huko. Hakuna binadamu aliyekaa hai tumboni miaka mitatu.

Hadithi iliyo karibu na hiyo ambayo ni ya kweli ni mimba ya nje ya kizazi, ile ambayo kwa kawaida hujishika ndani ya mrija. Lakini hiyo hailali. Mrija hautanuki kama kizazi, na ndani ya wiki chache unaweza kupasuka. Ukikosa hedhi, kisha ukapata maumivu makali upande mmoja wa chini ya tumbo, damu kidogo, kizunguzungu au maumivu ya bega, usije dukani kwangu. Panda tuktuk uende hospitali sasa hivi, hata kama ni saa nane ya usiku.

Nilipima mkojo wa bi mkubwa, hapakuwa na mimba. Nikamwandikia aende akapigwe picha. Walichokiona ni uvimbe wa kizazi, mkubwa kama embe dodo, na hedhi ilikuwa imekatika kwa sababu umri wake ulikuwa umefika. Kilichokuwa kikicheza ni matumbo. Bintiye alishukuru Mungu. Yeye alilia, na hakulia kwa ajili ya uvimbe. Alikuwa amengoja mtoto kwa zaidi ya mwaka, ana jina lake, na mimi ndiye niliyekuwa nimeanza kumwondoa. Nadhani ndiyo maana maneno haya hayafi: anayengoja mimba igeuke bado anangoja, na hapana anayemwita tasa. Kwa hivyo ukikutana na mtu wa namna hii usimcheke wala usimshindanie. Mwambie tu, "Twende tuipige picha tumwone amekaaje." Hedhi ikikatika kwa aliye chini ya miaka 45 pia iangaliwe, huenda ni homoni, huenda ni tezi la shingo, huenda ni vifuko kwenye nyumba za mayai, na mengi yake yana dawa.

Wanaotafuta na hawapati

Maswali ni yale yale, na hapa ndipo watu huanza na la pili na la tatu wakaliruka la kwanza. Mke anapelekwa kwa mganga, anaogeshwa, anaambiwa ana chango, ana jini mahaba ndiye mumewe wa usiku. Mimi na majini hatugombani. Nauliza tu: mbegu zimepimwa? Kati ya jozi zinazokosa mtoto, karibu nusu yake tatizo liko kwa mwanamume, peke yake au pamoja na mke. Na kusimamisha si kipimo. Manii yaweza kuwa mengi na mazito na ndani yake hamna mbegu hata moja, hilo halionekani kwa jicho. Kipimo chake ni rahisi kuliko vyote anavyofanyiwa mke: kikombe na chumba chenye kitasa.

Ngojeni mwaka mmoja mkikutana mara mbili tatu kwa wiki bila kinga. Mke akiwa amepita miaka 35, miezi 6 inatosha. Kisha nendeni wote wawili siku moja. Kama mke alikuwa kwenye sindano ya miezi mitatu, mjue mimba yaweza kuchukua miezi 10 hivi tangu sindano ya mwisho, na kwa wengine zaidi. Hajafungwa. Ila asidhani pia kwamba akiruka tarehe ya sindano bado yumo kingani. Wapo waliorudi kazini kwangu na mimba kwa kuamini hivyo.

Na wa kike au wa kiume huamuliwa na mbegu ya baba. Mumeo akikufukuza kwa kuzaa wasichana, amejifukuza mwenyewe.

Kupima bila kujidanganya

Kipimo cha mkojo bei yake ni karibu ya mahamri na mbaazi, na kinategemewa kuanzia siku ambayo hedhi ilitakiwa ije na haikuja. Asiyejua tarehe zake angoje siku 21 tangu tendo. Kupima asubuhi ya pili ni kutupa pesa. Mimba hata ikiwa imetunga huchukua wiki au zaidi kidogo kujishika kizazini, na kabla ya hapo mkojo hauna cha kusema. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi. Soma kwa dakika zilizoandikwa kwenye paketi kisha ukitupe. Mstari wa pili hata ukiwa mwembamba kama uzi ni mimba. Lakini usikitoe kwenye taka jioni kikiwa kimekauka ukaanza kuona mistari kwenye mwanga wa simu. Mstari mmoja na hedhi bado haijaja? Rudia baada ya wiki.

Siku kumi ni za nani?

Nimeliweka hili mwisho kwa sababu ndilo lililonifanya niandike. Dereva wa trela, njia ya Kampala, aliingia dukani na mamake, na baina yao mkewe, ameinamia kanga yake. Mkononi ana karatasi ya picha ya mimba: wiki 8, tarehe 23 Aprili. Akaiweka kwenye kaunta kama polisi anayeweka ushahidi.

"Dakitari, mimi nilirudi nyumbani tarehe 8 Machi. Mpaka leo ni siku 46. Hawa wanasema wiki 8, ni siku 56. Siku kumi ni za nani?"

Mama mtu akaitikia, "Enhe. Za nani?"

Nikaiteremsha kalenda ukutani. Nikamuuliza mke hedhi yake ya mwisho ilianza lini. Akajibu bila kuinua macho: 26 Februari. Nikaitia duara. "Hizo siku kumi," nikamwambia dereva, "ni za hedhi."

Kliniki zote duniani huhesabu mimba kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa sababu hiyo ndiyo tarehe mwanamke anayoweza kuitaja. Siku ya yai hakuna anayeiona. Kwa hivyo wiki mbili za kwanza za kila mimba hazina mimba ndani yake. Kutoka 26 Februari hadi 23 Aprili ni siku 56, wiki 8 kamili. Yai lake lilitoka karibu tarehe 12 Machi, siku nne baada ya trela kuegeshwa. Mtoto mwenyewe ana wiki 6 hivi. Picha nayo mapema hivi huweza kukosea siku kadhaa huku au huku. Ukitaka kuhesabu yako, toa wiki mbili kwenye ya kliniki, ndipo utafute ulikuwa wapi.

Alihesabu kwa kidole, duara kwa duara, mara mbili. Mamake akaivuta kalenda akahesabu yeye, polepole, akisogeza midomo, na alipomaliza akasema ni kweli lakini wangeandika vizuri. Mkewe hakusema neno. Alikunja ile karatasi mara nne akaitia kwenye mkoba, akauliza tembe za kuongeza damu ni bei gani, na akamwachia mumewe alipe.

Mwezi wa Julai simu ya duka ililia, nyuma yake honi za malori. Alikuwa kwenye foleni ya Malaba.

"Dakitari, leo ni wiki ya ngapi?"

"Ya kliniki au ya kwako?"

"Ya kliniki," akasema. "Ya kwangu niliitupa Mtito Andei."